SAFARI YA CHUPA MOJA YA DAMU

(Hotuba iliyotolewa na mhitimu mmoja wa Kidato cha Nne wa mwaka 1983, fundi wa maabara, katika bwalo la shule siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa hapa kwa ombi la wengi waliohudhuria.)



Nimeingia bwaloni nikatazama kule pembeni, karibu na dirisha la jikoni, mahali tulipokuwa tukipanga foleni ya uji. Bwalo ni lilelile, upepo wa Dodoma ni uleule, na vumbi nalo halijahitimu. (Kicheko) Wenzangu wa mwaka 1983 wanakumbuka kwamba mwaka ule sabuni ilikuwa adimu kiasi kwamba kipande kimoja kilikatwa kwa uzi, kikagawiwa watu wanne. Tulisoma hivyo hivyo, na tukafika tulipofika.

Katibu aliponiandikia barua alinitaka niwaeleze vijana juu ya mafanikio yangu katika kazi. Nikamjibu kwamba mafanikio yangu ni mafupi, hayatoshi hata dakika kumi. Lakini ninalo kosa moja ambalo limenifundisha kazi kuliko chuo kilivyonifundisha. Akakubali nije nalo. Basi nimekuja nalo.

Mwalimu wa Kemia na bureti chafu

Kabla sijafika kwenye kosa hilo, niruhusuni nimkumbuke mwalimu wetu wa Kemia. Siku moja tulikuwa tukifanya jaribio la kupima asidi kwa kutumia bureti. Mwenzetu mmoja alipata jibu lililolingana kabisa na la kitabu. Mwalimu akaenda kuitazama bureti yake, akakuta hakuisuuza. Akampa sifuri. Yule kijana akalalamika: "Mwalimu, mbona jibu langu ni sahihi?" Mwalimu akamwambia: "Umepata jibu sahihi la kitu kingine."

Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka. Ilinichukua miaka ishirini kuelewa maneno yale.

Kosa lenyewe

Mwaka 2003 nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja ya hapa uwandani. Jina lake halina haja, kwani kosa ni langu, si la majengo. Kutoka zahanati moja ya mbali ililetwa damu ya mama mmoja mzee wa Kigogo. Mama huyo alikuwa na kidonda katika kidole cha mguu ambacho kwa wiki nyingi kilikataa kupona. Tabibu wa kule alikuwa mtu makini. Akashuku kisukari, akamwambia mama aje asubuhi bila kula kitu, akamtoa damu saa 1 asubuhi, akaitia katika chupa ya kawaida yenye kifuniko chekundu, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Chupa akampa kondakta wa basi.

Basi likaharibika njiani. Kondakta hakuwa na ubaya wowote. Aliiweka ile chupa mbele kwenye dashibodi, mahali ambapo asingeisahau, na pale jua lilikuwa likipiga moja kwa moja. Chupa ilinifikia saa 8 mchana. Niliipokea, nikaandika jina katika daftari, nikazungusha, nikapima. Mashine ilikuwa nzima. Asubuhi ile ile niliijaribu kwa maji ya kipimo yanayojulikana kiwango chake, ikasoma sawasawa. Jibu likatoka: 5.4. Kwa mtu ambaye hajala, kisukari huanza kuhesabiwa kwenye 7.0. Nikaandika "kawaida", nikapiga mhuri.

Tabibu alipopata majibu akaacha kufikiria kisukari. Kidonda kikatibiwa kama kidonda tu. Baada ya miezi miwili yule mama aliletwa hospitalini amelala nyuma ya gari. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vyeusi. Tulimpima palepale kitandani, sukari ilikuwa juu mno. Daktari akalazimika kuukata mguu chini ya goti.

Nilirudi maabara nikafungua daftari la nyuma. Nikakuta jina lake, nikakuta 5.4, nikakuta mwandiko wangu. Pembeni kulikuwa na sehemu mbili za kuandika: saa ya kutolewa damu na saa ya kupokelewa. Sehemu zote mbili zilikuwa tupu. Ile saa 1 asubuhi niliijua baadaye, nilipomuuliza tabibu mwenyewe.

Hesabu ya Kidato cha Pili

Sasa vijana, chukueni kalamu. Damu haifi mara inapotoka mwilini. Chembe nyekundu na nyeupe zilizomo chupani bado ni hai, na kiumbe hai hula. Chakula chao ni sukari iliyomo ndani ya maji ya damu. Damu ikiachwa hivi hivi bila kutenganishwa, sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba. Joto likizidi, hupungua upesi zaidi. Mgonjwa akiwa na maambukizo, chembe nyeupe zinakuwa nyingi, nazo ni walaji wakubwa.

Tuseme sukari ya yule mama saa 1 asubuhi ilikuwa 9.0. Punguza asilimia 7 kila saa. Saa 2 inabaki 8.4. Saa 3 ni 7.8. Saa 4 ni 7.2. Saa 5 ni 6.7. Saa 6 ni 6.3. Saa 7 ni 5.8. Saa 8 mchana, chupa inapogonga mlango wangu, ni 5.4.

Mmeona? Mashine haikukosea hata nukta. Ndani ya chupa ile, saa ile, sukari ilikuwa 5.4 kweli. Lakini daktari hakuuliza habari za chupa. Aliuliza habari za mama. Mimi nilimpa jibu sahihi la kitu kingine.

Wataalamu wa hospitali ya chuo kikuu huko Padova, Italia, waliwahi kufuatilia makosa ya maabara yao. Katika taarifa yao ya mwaka 1997, asilimia 68 ya makosa yaliyogunduliwa yalitokea kabla damu haijaingia mashineni: katika kutoa, kuandika jina, kuchagua chupa, kubeba na kutunza. Walipofanya uchunguzi tena na kuutoa mwaka 2007, ilikuwa asilimia 62. Na hiyo ni Italia, ambako chupa husafiri kwa lifti. Sisi chupa yetu husafiri kwa pikipiki, hupanda basi, hungoja mvuke wa injini upoe, kisha ndipo ipande tena.

Mkononi mwa mgonjwa

Niwatembeze basi katika safari hiyo, kituo kwa kituo.

Kituo cha kwanza ni mkono. Tunafunga mpira juu ya kiwiko ili mshipa ujitokeze. Mpira huo usikae zaidi ya dakika moja. Ukikaa sana, maji hupenya nje ya mshipa, vitu vizito hubaki ndani, na damu unayoitoa si ile inayozunguka mwilini. Wengi wetu pia humwambia mgonjwa akunje na kukunjua ngumi kwa nguvu. Misuli ikifanya kazi hutoa madini ya potasiamu, na kipimo cha madini hayo hupanda bure.

Potasiamu ndiyo inayoendesha mapigo ya moyo. Kiwango chake katika maji ya damu ni kidogo, kati ya 3.5 na 5 hivi. Lakini ndani ya chembe nyekundu imejaa zaidi ya mara 20 ya hapo. Kwa hiyo ukivuta damu kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, au ukaisukumia chupani kwa bomba kama mtu anayejaza pampu ya baiskeli, chembe hupasuka na kumwaga potasiamu yake. Maji ya damu ambayo yanapaswa kuwa na rangi ya manjano hutoka mekundu. Fundi mwaminifu akiona wekundu huo haandiki jibu. Anaomba damu nyingine.

Kituo cha pili ni chupa. Rangi za vifuniko si mapambo. Kifuniko chekundu, damu inaachwa igande. Cha zambarau kina dawa ya kuzuia isigande, kwa ajili ya kuhesabu chembe. Cha bluu kina dawa nyingine, sehemu moja kwa sehemu tisa za damu, kwa ajili ya kupima muda wa kuganda. Ukiijaza nusu tu, dawa inazidi damu na mgonjwa mzima ataonekana damu yake haigandi. Cha kijivu kina floridi, inayozuia chembe zisile sukari. Hata hivyo floridi nayo haizuii papo hapo. Huchukua saa moja au zaidi kabla haijashika kazi sawasawa, na ndiyo sababu ni bora kuitenganisha damu mapema.

Nimewahi kumwona muuguzi, tena mchapakazi hodari, aliyekuta damu ya chupa nyekundu haikutosha, akaongezea kidogo kutoka chupa ya zambarau. Alidhani damu ni damu. Lakini dawa iliyomo katika zambarau ni chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kuikamata kalsiamu. Majibu yakaonyesha potasiamu ya kutisha na kalsiamu karibu na hakuna. Kwa majibu yale mgonjwa alipaswa awe maiti, naye alikuwa kitandani anakula ugali na mlenda. (Kicheko)

Mnacheka, na ni vizuri. Lakini kosa hilo huonekana kwa sababu ni kubwa. Likiwa dogo halionekani, na daktari huanza kumtibu mtu ugonjwa asionao.

Kituo cha tatu ni jina. Katika wodi moja unaweza kukuta akina Neema watatu na akina Yohana wawili, na wote wametoka tarafa moja. Jina huandikwa palepale kitandani, mbele ya mgonjwa, baada ya kumtoa damu, naye akiwa ametaja jina lake mwenyewe. Usimwulize "Wewe ni Neema, sivyo?" kwani mgonjwa mwenye homa huitikia lolote. Mwulize "Jina lako nani?" kisha nyamaza usikie. Katika damu ya kuongezewa mtu, chupa mbili zikibadilishana majina huweza kuua katika muda wa saa chache. Hapo hapana mashine ya kukuokoa, maana mashine haijui sura ya mtu.

Barabarani

Kituo cha nne ni njia, na hapa sisi watu wa uwanda wa kati tuna mtihani wetu. Lami ya kwenda Iringa ipo, ya kwenda Babati ipo, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam. Tunashukuru. Lakini kutoka zahanati hadi kuifikia lami, hapo ndipo chupa hurushwa kama karanga kikaangoni. Ibebwe imesimama wima, imebanwa isitikisike, ndani ya boksi lenye kivuli.

Wengine wakisikia habari ya joto hukimbilia kwenye barafu. Haraka hiyo nayo ina madhara. Chupa ikigusa barafu moja kwa moja, chembe huganda na kupasuka. Hata friji si rafiki wa kila damu. Chembe nyekundu ina kijipampu kinachoizuia potasiamu isitoke nje, na katika baridi kijipampu hicho hulala. Ukiweka damu isiyotenganishwa ndani ya friji usiku kucha, kesho utapima potasiamu ya juu ambayo mgonjwa hana. Damu iliyotiwa katika chupa ya kuoteshea vijidudu haiwekwi frijini kamwe, kwani baridi huwazuia vijidudu tunaowatafuta wasiote. Tenganisha kwanza, ndipo upoze. Na kama hujui, uliza.

Slaidi ya malaria nayo ina maadui zake. Kwetu hapa malaria si nyingi kama Kanda ya Ziwa, na kwa sababu hiyo hiyo kila slaidi inahitaji uangalifu zaidi, kwani fundi asiyeviona vimelea mara kwa mara huweza kudhani chembe ya vumbi ni kimelea. Na vumbi, ndugu zangu, si bidhaa ya kuagiza kutoka nje hapa Dodoma. Tone zito la damu likianikwa juani hukaushwa kwa joto, likashikamana na kioo, na wekundu wake hautoki tena wakati wa kulitia rangi. Vimelea hubaki wamefichika. Likiachwa wazi, nzi huja na kulila. Nimewahi kuletewa slaidi kutoka kijijini ambayo damu yake ilikuwa na matundu kama chapati iliyotobolewa. Nzi walikuwa wamekula ushahidi. (Kicheko)

Mwaka wa homa ya Bonde la Ufa

Wengi mliopo hapa mnaukumbuka mwanzo wa mwaka 2007. Mvua za mwishoni mwa 2006 zilikuwa kubwa, mbu wakazaliana, ng'ombe na mbuzi wakatupa mimba, kisha watu wakaanza kuugua homa na wengine kutoka damu. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mara ya kwanza huko Kenya karibu na Ziwa Naivasha katika miaka ya 1930, na bonde hilo ni lilelile linalopita kwetu Bahi. Hadi mlipuko ulipokwisha mwezi Juni, walishukiwa watu 511 katika mikoa 10, maabara ikathibitisha 186, wengine 123 wakahesabiwa kuwa yaelekea walikuwa nayo, na watu 144 wakafa. Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa iliyoumia sana. Hata wale wapenzi wa nyama ya mnadani waligeukia maharage.

Wakati ule damu ya wagonjwa wa Tanzania ilithibitishwa Nairobi, katika maabara ya KEMRI. Fikirini safari hiyo, kutoka kitanda cha mgonjwa vijijini hadi Nairobi. Na virusi hivi havikai katika damu muda mrefu. Kwa siku chache za mwanzo vinaonekana vyenyewe, na kipimo cha kuvitafuta kinataka damu iliyotunzwa kwenye baridi kali njia nzima. Baadaye virusi hutoweka, mahali pao huonekana kinga ya mwili, na hiyo hupimwa kwa njia nyingine. Kwa hiyo mtu mmoja akipimwa kwa njia isiyolingana na siku yake, ataambiwa hana, naye anayo.

Ndiyo maana ile sehemu ya fomu inayouliza "Homa ilianza lini?" si swali la kujaza ukurasa. Ni sehemu ya damu. Damu isiyo na tarehe ni kama barua isiyo na anwani; hata ikifika haijulikani isomwe vipi. Katika kila mlipuko kuna pengo kati ya walioshukiwa na waliothibitishwa. Ndani ya pengo hilo wamo wenye homa nyingine, na wamo pia watu ambao damu yao haikutolewa, au ilifika ikiwa haifai.

Tunachoweza kufanya

Nisiwaache na huzuni tupu, maana yapo yanayowezekana hata kwetu. Baada ya lile kosa langu tuliweka utaratibu: chupa isiyo na saa ya kutolewa haipokelewi, na damu ya sukari iliyopita saa moja bila kutenganishwa haipimwi. Mwanzoni nilichukiwa. Tabibu mmoja aliniambia mbele za watu kwamba ninajifanya profesa. Nikameza. Lakini haitoshi kukataa tu, kwani kila chupa unayoikataa ni mgonjwa anayechomwa sindano mara ya pili, pengine ametembea kilomita nyingi. Kwa hiyo tulipeleka katika vituo viwili mashine ya kuzungushia damu kwa mkono, ile isiyohitaji umeme, wakawa wanatenganisha kulekule kabla ya kumpa kondakta. Malalamiko yakaisha.

Siku hizi kipimo kidogo cha tone la kidole kimesambaa, na safari ya chupa ya sukari imefupishwa ikawa urefu wa mkono. Hata hicho kina masharti. Mkono unawe kwa maji, ukaushwe. Mtu aliyetoka kumenya embe au kuchuma zabibu zetu hizi, kidole chake kina sukari ya tunda, na mashine itaisoma kama yake.

Ipo pia karatasi ya kukaushia damu. Mmarekani Robert Guthrie aliitumia mwanzoni mwa miaka ya 1960 kupima watoto wachanga, na hapa nchini imetumika sana kupima virusi vya UKIMWI kwa watoto waliozaliwa na mama wenye maambukizo. Matone machache ya kisigino, yanakaushwa kivulini bila kuguswa, yanatiwa katika bahasha pamoja na kikaushio, yanasafiri bila barafu. Kwa nchi kavu kama yetu, huo ni ufumbuzi uliotufaa kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo.

Kwenu vijana mnaopenda sayansi, sitawaambia mwende wote maabara. Nasema hivi tu: jaribio halianzi kwenye mashine. Linaanza kwenye kusuuza bureti. Kwenu wahitimu wenzangu, wenye mabasi, mwafundisheni makondakta wenu kwamba chupa ile si kifurushi cha kuweka dashibodi. Wenye vyeo, mnapopanga bajeti ya mashine mpya, tengeni pia ya chupa, ya boksi la kubebea, na ya nauli ya mbebaji. Na sisi sote tukiwa wagonjwa, tukiulizwa "Umekula?" tuseme kweli. Nimewahi kumpima mzee aliyeapa kwamba hajatia kitu mdomoni, kumbe alikunywa chai ya maziwa na sukari vijiko vitatu, kwa hoja kwamba chai si chakula. (Kicheko)

Nimalizie na yule mama. Alipopata nafuu nilikwenda wodini, nikakaa kwenye kiti, nikamweleza yote: basi, jua, saa zile, 5.4, mhuri wangu. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari kutukanwa. Alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, mimi niliitoa ikiwa nzima."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwambia, "Ndiyo mama, uliitoa ikiwa nzima." Akaniomba nimsogezee maji ya kunywa, nikamsogezea.

Tangu siku ile, kila ninapopokea chupa huangalia kwanza saa. Ndugu Mwenyekiti, kwa idhini ya Mkuu wa Shule nimekuja na darubini moja na sanduku la slaidi, na nitazikabidhi kwa idara ya Biolojia. Saa 9 alasiri nitakuwa katika maabara ya shule. Kijana yeyote anayetaka kujifunza namna ya kutandaza tone la damu na kulianika kivulini, mbali na nzi, aje. Aje amenawa mikono.

(Makofi)